Maziwa ya Mama Deka na Kabati la Sayansi

Siku ya kuniaga, mwalimu mmoja kijana alisimama akasema kwamba nilifundisha sayansi "katika mazingira magumu". Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya soda na sahani ya pilau, sikupata nafasi ya kumjibu, basi namjibu hapa, yeye na wenzake wanaoanza kazi. Mazingira hayakuwa magumu. Joto ni joto na vumbi ni vumbi, mtu huzoea. Kilichonisumbua mimi ni kabati.

Nilifika Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea kwetu Malindi, na sanduku langu la bati na godoro lililofungwa kamba. Nilipangiwa shule ya msingi ya mchanganyiko nje kidogo ya mji, si mbali na soko la mifugo, kiasi kwamba siku za mnada tulifundisha kwa kupiga kelele kushinda mbuzi. Mwalimu mkuu, Bwana Gedi, alikuwa mtu nadhifu sana. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi hata saa nane mchana, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje. Alinitembeza. Akanionyesha madarasa, akanionyesha maua mekundu ya haibiskasi mbele ya ofisi yake, ambayo ndiyo yalikuwa maua pekee shuleni, kisha akanipeleka ofisini kunionyesha kabati la sayansi.

Alifungua mlango nusu. Niliona hadubini ndani ya sanduku lake, neli za kioo zikiwa zimelazwa kwenye majani makavu, sumaku, lenzi, vipimajoto na vijitabu vya karatasi za litimasi. Moyo wangu ulifurahi. Nikanyoosha mkono. Bwana Gedi akafunga.

"Hivi ni vya mkaguzi," akasema.

"Mkaguzi anafundisha darasa gani?"

Alinitazama kama mtu anayemvumilia mgeni. "Mkaguzi akija lazima avikute vyote. Watoto wakigusa, vinavunjika. Hasa wasichana, Mwalimu. Wasichana hawajazoea vyuma."

Nje ya dirisha, wasichana hao wasiozoea vyuma walikuwa wamebeba ndoo za bati zilizojaa maji, wanamwagilia maua yake.

Nilipewa sayansi ya darasa la tano hadi la nane. Wasichana wa darasa la tano walijaza mabenchi. Ukifika la saba walikuwa wachache, na walikaa nyuma karibu na mlango kama watu wanaosubiri kuitwa. Nilipofika kwenye somo la umeme nilinunua mawe ya tochi, balbu ndogo na waya, nikagawa darasa vikundi, nikasema kila mtu awashe balbu kwa mkono wake. Nikageuka kuandika ubaoni. Nilipogeuka tena, katika kila kikundi mvulana ameshika waya na msichana amemshikia kitabu.

"Mbona hushiki?" nilimwuliza mmoja.

"Anashika yeye."

"Nimesema kila mtu."

"Yeye anajua."

"Anajua nini? Balbu haijawaka!"

Mvulana akajibu kwa utulivu kwamba balbu ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Nilimtoa, nikampa msichana waya, na kabla sijafika kikundi cha pili mvulana alikuwa amerudi "kumsaidia". Nilirudia somo hilo darasa la sita, yakawa yale yale. Nikachoka. Nikaamua wasichana watakuwa na chama chao cha sayansi baada ya masomo, bila msaidizi hata mmoja.

Bwana Gedi hakukataa. Alisema tu hakuna chumba.

Aliyeniokoa ni Bi. Rukia, mwalimu wa sayansi kimu, mwanamke wa Isiolo mwenye ulimi mkali aliyekuwa pale miaka mingi kabla yangu. Alinikuta nimejiinamia kwenye ofisi ya walimu.

"Kwa nini unamwomba Gedi kila kitu?" akaniuliza. "Chumba cha sayansi kimu ufunguo ninao mimi. Kuna meza, kuna jiko, kuna sufuria. Lete wasichana wako. Mkimaliza mfagie."

Karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kufundisha kwa mikono nilikipata kwa Rukia, naye hakuwa hata mwalimu wa sayansi kwa maneno ya Bwana Gedi. Ndiye aliyenionyesha kwamba balbu ya nyumba iliyoungua, ukiitoa matumbo taratibu na kuijaza maji safi, inakuza maandishi vizuri kuliko lenzi nyingi. Mizani tulitengeneza kwa rula, uzi na vifuniko vya soda. Lakini kubwa alilonifundisha lilikuwa kukaa kimya. Siku ya kwanza msichana mmoja alikwama, nami nikainuka kumwelekeza. Rukia akanishika gauni.

"Mikono nyuma," akasema.

"Anakosea."

"Naona. Mwache akosee, wewe weka mikono nyuma."

Vijana wangu, jaribuni hilo kwa kipindi kimoja tu, halafu mje mniambie kuhusu mazingira magumu.

Msichana aliyenipa kazi kubwa kuliko wote aliitwa Deka. Alikuwa darasa la saba, mrefu, hijabu yake kila mara ina alama ya chaki au masizi. Siku yake ya kwanza chamani alifungua tochi yangu vipande vipande, na tulipotaka kufunga chumba akakataa kutoka mpaka iwake. Tulikaa pale wote tukimsubiri, mimi nimeweka mikono nyuma na kusaga meno. Iliwaka wakati mwadhini anaanza.

Deka alikuwa anachelewa asubuhi karibu kila siku. Mama yake, Halimo, aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Maziwa yalikuja kwa lori kutoka upande wa Balambala, na Deka alimsaidia kuyabeba kabla ya kuja shule. Bwana Gedi alimwadhibu kwa kuchelewa kwa kumtuma kumwagilia maua, na kwa kumwagilia maua akachelewa zaidi. Nilishindwa kumweleza mwalimu mkuu kasoro ya mpango huo, na nilijaribu.

Alasiri moja nilikuwa nimeandaa somo la wenzo, nimebeba hadi gogo na ubao, Deka akanyoosha mkono.

"Mwalimu, maziwa ya nyanya yangu kule Balambala yanakaa mpaka kesho yake. Ya mama hapa sokoni yanakatika kabla ya adhuhuri. Ngamia ni wale wale. Kwa nini?"

"Leo ni wenzo, Deka."

"Wateja wanamrudishia mama. Kwa nini yanakatika?"

Wenzo ikafa pale pale. Wasichana wote walianza kusema kwa pamoja, maana hakuna aliyekuwa hana shangazi au dada anayeuza maziwa. Mmoja akasema ni joto la lori. Mwingine akasema ni jicho la watu. Deka akasema ni mtungi. Nyanya yake alitumia haan, chombo cha zamani kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa kwa moshi wa kuni maalumu kabla ya kutiwa maziwa. Mama yake alitumia mitungi ya plastiki ya njano, ile ya mafuta ya kupikia, kwa sababu ni myepesi na haivuji. Naye aliifukiza vile vile.

"Basi tujaribu," nikasema.

Kusema ni rahisi. Kupata vyombo, kupata maziwa ya ngamia mmoja na kuwafanya wasichana wakubali kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, hiyo ni kazi nyingine. Walitaka mtungi mmoja uoshwe kwa maji moto, ufukizwe, ufunikwe kwa kitambaa na kuwekwa kivulini, halafu mwingine usifanyiwe lolote, na waseme wamejua sababu. Tuligombana siku nzima. Mwishowe tukawa na haan iliyofukizwa, mtungi uliosuuzwa kwa maji baridi na kufukizwa, mtungi uliosuguliwa kwa maji moto na kokoto kisha ukafukizwa, na mtungi uliosuuzwa tu. Tuliviweka vyote pamoja katika chumba cha Rukia. Kila baada ya muda tulichota kijiko kutoka kila chombo na kukichemsha. Maziwa yaliyoanza kuharibika hukatika mapande mapande yakipata moto.

Tulihitaji pia kupima ukali wake kabla hayajafika kukatika, na kwa hilo tulihitaji litimasi, ile karatasi inayobadilika rangi ikigusa kitu kikali. Litimasi ilikuwa kabatini. Niliomba. Bwana Gedi akasema mkaguzi huenda akaja wiki hiyo. Alikuwa akisema hivyo tangu nifike.

Sasa, ua la haibiskasi ukilichemsha linatoa maji ya zambarau, na maji hayo yakikutana na kitu kikali hugeuka mekundu. Asubuhi iliyofuata Bwana Gedi alikuta kichaka chake kimebaki majani.

"Nani amechuma maua ya ofisi?" aliuliza mbele ya gwaride zima.

"Ni sayansi, Bwana Gedi," nikajibu.

"Maua haya yamemwagiliwa mwaka mzima!"

"Na wao ndio waliomwagilia."

Jaribio likaendelea. Mtungi uliosuuzwa tu ulikatika kwanza, ule wa maji baridi na moshi ukafuata nyuma yake kwa karibu sana. Haan na mtungi wa maji moto na kokoto vilidumu. Wasichana walishangilia, isipokuwa Deka, aliyetaka kujua uchafu wenyewe uko wapi kama moshi umeingia ndani. Alichukua mtungi mkuukuu wa mama yake, akaupasua kwa kisu cha Rukia. Ndani kulikuwa safi. Kisha akaukata mkono wa kushikia, maana ule mkono una uwazi ndani. Akatuita. Humo mlikuwa na utando wa njano uliokauka, na harufu yake ilitutoa wote nje. Maji baridi hayakufika pale, moshi haukufika pale, na kidole hakiwezi kufika pale.

Sijawahi kuona watoto wakifurahia uvundo namna ile.

Yakaja maonyesho ya sayansi ya shule za mjini, na Bwana Gedi, aliyetaka shule yake ing'are, akakubali ghafla kwamba wasichana hawawezi kwenda na maji ya maua kama waganga. Alinipeleka mwenyewe kwenye kabati. Akafungua milango yote miwili.

Mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma, kutoka ukutani. Sanduku la hadubini lilibaki ganda, na hadubini yenyewe imejengewa udongo mpaka kwenye lenzi. Majani makavu yote yameliwa na neli zimeangukiana na kuvunjika. Vijitabu vya litimasi, vile ambavyo mchwa hawakuvitaka, vilikuwa vimepauka hata hujui ipi nyekundu ipi buluu.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa nimeyaandaa kwa muda mrefu. Lakini alivyosimama pale na ule ufunguo, shati lake limepigwa pasi, nikashindwa.

"Hakuna mtoto aliyegusa," akasema polepole.

"Hakuna," nikajibu.

Akafunga kabati. Akalikomea kwa ufunguo.

Tulikwenda maonyeshoni na maji ya maua. Deka alisimama mbele ya meza na mtungi wake uliopasuliwa, akaeleza kila kitu bila kusoma popote. Mwamuzi, bwana mmoja mwenye tai, alisikiliza kwa heshima, akanigeukia mimi.

"Kazi nzuri, Mwalimu. Lakini hii ipelekwe meza ya sayansi kimu."

"Kwa nini?" Deka ndiye aliyeuliza.

"Ni mambo ya maziwa, binti yangu. Ya jikoni."

"Tumepima ukali. Tumebadilisha kitu kimoja kimoja."

"Ndiyo, lakini ni ya jikoni."

Nilisema niliyosema, na Rukia akasema zaidi, baadhi yake kwa Kiborana kwa bahati nzuri. Haikusaidia. Meza ya sayansi kimu ilikuwa na keki na fulana za watoto zilizofumwa. Deka hakupata kitu. Zawadi ya sayansi ilikwenda kwa wavulana waliotengeneza roketi ya kartoni. Niliwauliza inarukaje. Wakasema hairuki, ni ya kuonyesha.

Hayo ningeyasahau. Lakini ukumbini walikuwepo watu wa mjini wengi, na Deka, kila alipoulizwa mtungi ule ni wa nani, alijibu kweli kwamba ni wa mama yake. Habari zilifika sokoni kabla yetu. Siku iliyofuata wateja wa Halimo walihamia kwa muuzaji wa pili, ambaye naye alitumia mitungi ile ile. Na siku iliyofuata hiyo Deka hakuja shule.

Nilikwenda sokoni. Halimo alikuwa mwanamke mpana, amekaa kwenye kigoda katikati ya mitungi yake iliyojaa, na Deka nyuma yake anaosha kikombe, macho chini.

"Abaayo," nikamwita, kama wanawake wa pale wanavyoitana dada, "mwakani Deka ana mtihani wa darasa la nane."

"Wewe usiniite abaayo," akasema. "Wewe umefundisha mtoto yangu kuambia watu maziwa yangu iko chafu. Mimi nauza maziwa hapa kabla hii msichana haijazaliwa. Nani alikufa?"

"Hakusema ni chafu. Alisema mtungi..."

"Mtungi ya nani? Si yangu? Mimi nilibeleka yeye shule ajifunze kitu sijui. Nyinyi mnafundisha yeye maziwa! Maziwa mimi najua. Sasa wateja hakuna. Basi akae hapa, auze, mbaka warudi."

Nilirudi shuleni nimekasirika na kila mtu. Mwamuzi alisema maziwa si sayansi, na mama alisema vile vile. Bwana Gedi, nilipomwomba aende kuzungumza naye, alisema labda ningeanza na mmea, maana mmea hauna mama sokoni. Nadhani ulikuwa mzaha. Ulikuwa mzaha wa kwanza kuusikia kutoka kwake, na sikuwa tayari kuucheka.

Niliendelea kupita sokoni kununua maziwa, na kila mara Halimo alinihudumia bila kunitazama. Lakini siku moja niliona sufuria kubwa ya maji moto nyuma ya kigoda, na Deka akitikisa mtungi wenye kokoto ndani kwa nguvu zake zote, mdomo juu, mdomo chini, ili maji yapite kwenye mkono wa kushikia. Mama alikuwa amemwambia aoshe mitungi, na yeye aliosha alivyojua. Halimo alitoa kokoto moja iliyobaki ndani, akamrushia binti yake, basi.

Baada ya muda nikakuta kuna jiko la makaa mbele ya kigoda. Mteja mmoja, mzee mwenye kofia, alikuwa amesimama anasitasita.

"Unasikia maziwa yangu iko mbaya?" Halimo alimwuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza miraa. "Ngoja."

Alichota maziwa kwa upawa, akayamimina kwenye kisufuria, akakiweka motoni. Watu wakakusanyika. Maziwa yakachemka, yakapanda, hayakukatika. Ilikuwa mchana tayari, jua kichwani. Alimpa mzee anywe bure, kisha akageuka akamtazama muuzaji wa pili. Wateja wakaanza kumwambia muuzaji wa pili naye achemshe.

Wateja wa Halimo walirudi, na wengine wapya. Nilidhani sasa Deka amekwisha kabisa, maana mama ana sababu zote za kumweka pale. Rukia naye alidhani hivyo. Tuliacha hata kulizungumza.

Asubuhi moja tukiwa gwarideni, Halimo aliingia langoni akimvuta Deka mkono, hijabu ya shule imevaliwa kinyume. Alimpita Bwana Gedi kama hajamwona, akaja mpaka mbele yangu.

"Chukua," akasema.

"Kuna nini?"

"Huyu hawezi kuuza. Mteja anauliza, maziwa ni ya leo? Mimi nasema ya leo. Yeye anasema, ya leo asubuhi sana, ngoja nibime kwanza. Mteja anauliza, bora ni yako au ya yule? Yeye anasema tuchemshe zote mbili! Jana amepanga watu laini, anawaeleza mtungi. Hakuna mtu amenunua, wote wanasikiliza." Alivuta pumzi. "Wallahi amenichosha. Abaayo, weka yeye shule. Kule atasumbua wewe."

Akageuka akaenda zake. Alipofika kwenye kichaka cha haibiskasi, ambacho kilikuwa kimeanza kuchanua tena, alisimama akakitazama kidogo, akatikisa kichwa, akatoka.

Bwana Gedi alikohoa. Alisema gwaride liendelee. Deka alikuwa bado mbele yangu, hajaenda kwenye mstari, anaizungusha hijabu ikae sawa huku anasema haraka haraka. Alisema amekaa sokoni akaangalia, na jaribio letu lilikuwa na kosa. Sisi tuliweka vyombo vyote ndani ya chumba cha Bi. Rukia, kivulini. Mitungi ya sokoni inakaa juani. Huenda haan ikashindwa juani. Huenda rangi ya mtungi nayo ina neno. Hatukujua lolote kuhusu jua.

"Deka," nikamwambia, "umekosa masomo mengi. Kuna hesabu, kuna jiografia, kuna mtihani."

"Najua, Mwalimu. Lakini ilikuwa na kosa."

Nilimtazama Rukia mwisho wa mstari wa walimu. Alikuwa ameweka mikono nyuma, na alikuwa anacheka.

Tukalirudia lote, tangu mwanzo, juani.